Materuni au Chemka na watoto wa miaka 3, 6 na 9: siku tuipange vipi?

mama_wa_kimara ameuliza:

Habari za humu wadau. Desemba hii tunapanda Moshi kwa Krismasi, na siku moja katikati tunataka kuwatoa watoto badala ya kuwaacha washinde wakigombania rimoti. Wazo ni kutembea kwa miguu kiasi, kisha tufike penye maji ya kuogelea.

Watu wazima tuko wanne: mimi, baba watoto, mdogo wangu wa kike, na bibi yao mwenye miaka 64. Bibi anatembea vizuri ila magoti yanamsumbua kwenye mteremko. Mtoto wa miaka 9 anaogelea bwawani bila msaada, wa 6 anaelea kwa taabu, wa 3 hajui lolote.

Tumepewa kifurushi cha siku moja: asubuhi maporomoko ya Materuni, mchana chemchemi ya Chemka. Je, inawezekana na umri huu? Kama ni kuchagua, tuchague ipi? Na nini huwa kinaharibika ambacho mtu hakifikirii akiwa nyumbani?

---

njia_ya_uru amejibu:

Mama, kifurushi hicho kinawafaa vijana wawili watatu wasio na mzigo. Kwa mtoto wa miaka mitatu kitawaumbua.

Piga hesabu mwenyewe. Materuni iko Uru Mashariki, kilomita kama 15 kutoka Moshi mjini, lakini ni kilomita za kupanda na kona. Kutoka kijijini hadi kwenye maporomoko mtu mzima hutumia dakika 45 hadi saa moja kwa miguu. Kwa mtoto wa miaka 6 anayesimama kila penye kinyonga, weka saa moja na nusu kwenda, na msidhani kurudi kutakuwa kufupi zaidi. Ongeza kuoga, kubadili nguo na kula: saa nane imefika. Chemka nayo iko Hai, upande mwingine kabisa. Mnashuka tena mjini, mnashika barabara ya Arusha hadi Boma Ng'ombe, halafu mnaingia barabara ya vumbi kuelekea Rundugai. Mtafika jua likianza kulala, watoto wanalia usingizi, na wazima ambao kazi yao ni kuangalia maji wamechoka kuliko watoto. Hapo ndipo ajali hutokea.

Chagueni moja. Mkitaka kutembea, ni Materuni, kwa sababu Chemka hakuna matembezi: gari linawafikisha karibu kabisa na maji.

Njia ya Materuni inaanza vizuri. Inapita kwenye migomba na kahawa, ni pana, na watoto wanaweza kutembea wenyewe. Ugumu uko sehemu ya mwisho: njia inabana, upande mmoja kuna bonde, na udongo ukilowa unateleza kama sabuni. Tangu hapo mtoto wa miaka 3 asitembee mwenyewe. Wa miaka 6 ashikwe mkono, na mtu mzima ndiye atembee upande wa bonde. Wa 9 akae nyuma ya mwongoza njia, asitangulie.

Bibi apate fimbo mbili, si moja, na zikatwe zimfikie usawa wa kiwiko. Magoti huumia kwenye kushuka, kwa hiyo mwambieni apige hatua fupi na fimbo zitangulie mguu. Kama njia imelowa, ni busara abaki kijijini kwenye kahawa. Kule wanakaanga na kutwanga kahawa kwenye kinu kwa nyimbo, hatachoka kusubiri.

Ratiba ninayoiona: saa moja na nusu asubuhi mmeshaondoka mjini, saa tatu mnaanza kutembea, saa nne na nusu mko kwenye maji. Saa sita kamili mnageuza, hata kama kuna anayelia kuwa hajatosheka. Saa hiyo ya kugeuza itangazeni asubuhi mbele ya watoto, isije ikawa mjadala huko chini.

---

kina_kirefu amejibu:

Naongezea upande wa maji, maana njia imeshaelezwa.

Wengi watakwambia Chemka ndiyo salama zaidi kwa watoto kwa kuwa maji yametulia na si baridi. Mimi sikubaliani. Kwanza wageni huiita maji moto, na si moto. Ni ya uvuguvugu tu. Pili, maji yake ni maangavu mno, na maji maangavu hudanganya macho: unaona mchanga chini unadhani ni kiunoni, kumbe hata baba hasimami. Tatu, kingo zake nyingi ni mizizi na udongo, si ufukwe unaoteremka taratibu, kwa hiyo mtoto akiteleza anaangukia moja kwa moja palipo na kina. Halafu kuna kamba ya kujirusha, na wikiendi za Desemba watu ni wengi na muziki juu. Humsikii mtoto, wala humwoni. Kwa anayeogelea barabara ni pazuri sana. Kwa mtoto wa 3 na wa 6 wasioogelea, siyo.

Materuni maji ni ya baridi kwelikweli, lakini mnaweza kuchagua sehemu yenye mawe na kina kidogo pembeni. Kanuni ya kupima ni mwili wa mtoto, si wa mzazi. Maji yaliyotulia, mwisho ni kiuno chake. Maji yanayokwenda, mwisho ni goti lake, maana mkondo wa kufika gotini unatosha kumwangusha. Baba aingie kwanza, atembee eneo lote kwa miguu akitafuta mashimo kati ya mawe, kisha aonyeshe mpaka: jiwe hili hadi jiwe lile.

Msiende kusimama chini ya maporomoko yenyewe, hata kwa picha. Maji yanaanguka kutoka urefu wa zaidi ya mita 70, na yanapoanguka huja na vijiwe na matawi. Upepo wa pale pia unampoza mtoto kabla hajagusa maji.

Kuhusu uangalizi. Mtoto wa 3: ameshikwa mkono muda wote, hata akiwa kwenye maji ya kifundoni. Wa 6: umbali wa mkono wako kumfikia bila kupiga hatua. Wa 9: msihesabu kuogelea kwake bwawani kama tiketi. Bwawani kuna ukingo wa kushika, chini ni tambarare na maji si ya barafu. Maji ya mlimani yanambana kifua na kumkata pumzi dakika ya kwanza. Aingie polepole, alowanishe mikono, uso na shingo kwanza, na asipige mbizi hata mara moja.

Bibi hatuhesabu majini. Kwa hiyo mna wazima watatu kwa watoto watatu, maana yake hakuna wa kupiga picha. Kama mnataka picha, mtoto mmoja atoke kwanza. Watoto wakiwa wanacheza pamoja sehemu ya kina kidogo, bado awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama tu: hana simu, hana chapati mkononi. Zamu ni dakika 15, na anayepokea aseme kwa sauti, "Nimewapokea." Zamu isiyotamkwa huwa haina mwenyewe, kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono kama kwenye sinema. Kichwa kinarudi nyuma, mdomo uko usawa wa maji, kimya, na ni suala la sekunde chache.

Jaketi okozi: tafuteni mapema, msitegemee kulikuta huko. Liwe na kipimo cha uzito wa mtoto, na la mtoto wa 3 liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Jaribio ni rahisi: mvalishe, funga vifungo vyote, kisha linyanyue kwa kushika mabegani. Likipanda hadi kidevuni au masikioni, ni kubwa mno, majini litamvuka. Yale mapulizo ya mikononi yaacheni nyumbani. Yanachomoka yakilowa, na yanampa mtoto moyo asiokuwa nao.

Nguo za kuogelea ziwe za rangi ya machungwa, njano kali au waridi ya kung'aa. Bluu na kijani hupotea majini hata kwenye kina kifupi.

---

zamu_ya_usiku amejibu:

Upande wa afya, kwa mpangilio wa yale yanayotokea mara nyingi zaidi.

Baridi. Mtoto mdogo hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima. Wa miaka 3 dakika tano zinatosha, wa 6 na 9 dakika kumi, kisha nje. Midomo ikigeuka rangi, akitetemeka, au mtoto mchangamfu akinyamaza ghafla, amemaliza kuogelea kwa siku hiyo. Vua nguo zote mbichi papo hapo, msisubiri kufika juu. Mkaushe, kichwa kwanza, mvalishe sweta, soksi na kofia, mpe uji au chai ya vuguvugu yenye sukari. Kosa linalorudiwa ni kumfunika kanga kavu juu ya nguo mbichi. Nguo mbichi inaendelea kumpoza huko ndani.

Kuteleza. Watoto huumia zaidi kwenye mawe kuliko majini. Ndala hazifai kabisa, na pekupeku pia hapana, kuna vigae vya chupa na kuna funza. Yeboyebo yenye mkanda wa nyuma inafaa majini. Kwa kutembea vaeni raba yenye meno. Kila mmoja awe na jozi mbili, maana kurudi na raba iliyolowa ndiyo njia fupi ya malengelenge.

Kichocho. Konokono wanaokibeba hupenda maji ya uvuguvugu yaliyotulia au yanayokwenda taratibu, yenye majani. Mto wa mlimani wenye baridi na kasi hatari yake ni ndogo. Mifereji ya umwagiliaji na madimbwi ya huku chini ni habari nyingine, na watoto wakiona mfereji wanataka kutumbukia. Wakataze. Mdudu wake huingia kwa kupenya ngozi, si lazima mtoto anywe maji. Kama walikaa kwenye maji ya namna hiyo, wapelekeni kupimwa mkojo na choo baada ya wiki sita hadi nane. Kupima kesho yake hakusaidii, hakutaonyesha kitu. Dawa ipo, ni praziquantel, na hupimwa kwa kilo au kimo cha mtoto.

Maji ya kunywa mbebe ya kutoka nyumbani. Maji yale yanaonekana safi, lakini juu yake kuna makazi na ng'ombe.

Sasa lile ambalo hakuna anayependa kulisoma. Mtoto akitolewa majini hapumui: mlaze chali, inua kidevu, mpe pumzi tano kwanza, ukiangalia kifua kinapanda. Asipoamka, kandamiza katikati ya kifua mara 30, kina kiwe theluthi moja ya unene wa kifua, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi mbili, uendelee hivyo bila kusimama. Msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Hilo linapoteza muda na linaleta matapishi kwenye njia ya hewa. Akizinduka, hata akicheka na kuomba soda, anakwenda hospitali siku hiyohiyo. Mjini kuna KCMC na Mawenzi. Wazima angalau wawili wajifunze haya kabla ya safari, wakijaribia kwenye mto wa kulalia.

---

mama_wa_kimara amejibu:

Asanteni sana, mmenifumbua macho. Basi ni Materuni, Chemka tutaiacha hadi wakue. Yamebaki mawili. Mtoto wa 3 ana kilo 14, nimbebe kwa kanga mgongoni au? Na mvua: usiku ikinyesha, asubuhi kukiwa na jua, tunaenda au hatuendi?

---

njia_ya_uru amejibu:

Nianze na mvua, ndiyo yenye uzito.

Jua la Moshi mjini halikwambii kitu kuhusu msituni juu. Mvua inaweza kunyesha mlimani ninyi mkiwa mmeanika nguo, na maji yake yakawafikia huko bondeni baadaye. Desemba vuli inaweza kuwa bado haijakatika. Kwa hiyo jioni ya kuamkia safari mpigieni mtu wa Materuni mwenyewe, si dereva wa mjini, mumuulize mambo mawili: mvua imenyesha juu? Maji yana rangi gani? Asubuhi mpigieni tena. Akisema maji yamekuwa ya udongo, msishuke na watoto, hata kama mbingu ni bluu. Usiku ukinyesha kidogo na maji yakabaki maangavu, mnaweza kwenda, ila bibi abaki na mtembee polepole, maana njia itateleza.

Mkiwa tayari majini, dalili ni hizi: maji yanaanza kubadilika rangi, majani na vijiti vinaongezeka, mngurumo unapanda, au jiwe mlilolitumia kama alama limefunikwa. Moja tu inatosha. Mnatoka upande mliokuja, mnapanda juu mbali na ukingo, mizigo mnaiacha. Kosa la kawaida ni kuvuka kwenda ng'ambo kuchukua viatu. Ndiyo maana tangu mnafika, wekeni vitu vyote upande mmoja wa mto, upande wa kurudia, na chagueni jiwe moja la kupimia kimo.

Radi ikisikika, wote nje ya maji.

Kuhusu kumbeba: kanga ni nzuri kwa mtoto mchanga kwenye njia tambarare. Kwa kilo 14 na mteremko, fundo hulegea kidogokidogo bila wewe kujua, na mtoto akijitupa upande anakuvuta bondeni. Mbeleko ya kisasa yenye mkanda wa kiunoni na wa mabegani ni bora.

---

kahawa_chungu amejibu:

Hapo kwenye kanga ndugu umeikaza sana kamba. Akina mama wa Uru wanashuka njia hiyohiyo na watoto mgongoni kila siku.

---

njia_ya_uru amejibu:

Ni kweli, lakini wao wanaijua kila hatua, na aghalabu mtoto ni wa kilo nane, si kumi na nne. Mama wa Kimara anashuka kwa mara ya kwanza. Kama hana mbeleko, kitenge kizito kinashika kuliko kanga. Akifunge mara mbili, kimoja chini ya makalio ya mtoto na kingine mgongoni, na kila baada ya dakika kumi mtu aliye nyuma avikague. La muhimu zaidi: anayembeba mtoto asibebe kitu kingine, mikono yake iwe huru na fimbo moja. Na wabadilishane na baba kabla ya kuchoka.

---

kiroba_na_kamba amejibu:

Mizigo, kwa familia ya watu saba:

Maji lita moja kwa kila mzima na nusu lita kwa kila mtoto, yaani lita tano na nusu. Gawanyeni kwenye mabegi mawili, msiweke yote kwa baba. Chupa ya chai ya lita moja yenye uji au chai ya tangawizi. Chakula kiwe kisichohitaji kijiko: chapati zilizokunjwa, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi mbivu. Wape watoto kitu kidogo kila nusu saa njiani. Mtoto mwenye njaa husema amechoka miguu.

Nguo kavu kamili kwa kila mtoto, pamoja na chupi, kila seti ifungwe peke yake na kanga ya kujikaushia. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo nguo mbichi ziwekeni kwenye kiroba au ndoo ndogo yenye mfuniko. Ndoo ni nzuri zaidi, simu zinakaa humo wakati wa kwenda na nguo mbichi wakati wa kurudi.

Kifaa cha uokoaji cha bei ya chini: dumu tupu la lita tano lenye kifuniko kinachokaza, limefungwa kwenye kamba ya mita 10 hadi 15. Tia maji kidogo ndani, kama vikombe viwili, lipate uzito wa kurushwa. Likiwa tupu kabisa upepo unalirudisha. Mtu akizidiwa, unarusha dumu lipite kichwa chake kisha unavuta kamba imfikie. Hakuna kumrukia. Fanyeni zoezi nyumbani kwenye uwanja, kila mzima arushe mpaka aweze.

Suruali ndefu kwa njia ya kwenda, na soksi ziwe juu ya suruali, kwa ajili ya siafu na upupu. Mkikuta siafu wanavuka, mnaruka haraka mmoja mmoja, hamsimami kuwatazama.

Sanduku la huduma ya kwanza msilijaze: bandeji mbili pana, plasta, dawa ya kusafishia vidonda, paketi mbili za ORS, paracetamol ya maji pamoja na sirinji yake ya kupimia. Kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, na someni chupa kabla ya safari, maana nguvu ya dawa hutofautiana chupa na chupa. Filimbi moja kwa kila mtoto, shingoni iwe na kamba inayokatika ikivutwa. Na namba za dharura ziandikwe kwenye karatasi: 112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji.

Fedha taslimu za noti ndogondogo kwa kiingilio, mwongoza njia na kahawa. Malipo yote mpatane kabla ya kuanza kutembea, na hapohapo mwambieni mwongoza njia mambo matatu: mna mtoto wa miaka 3, mnageuza saa sita, na mnataka atembee kwa mwendo wa mtoto mdogo kuliko wote. Akianza kuwaambia "ni hapo tu, twendeni haraka", ombeni mwingine mapema. Pale kijijini wapo wengi.